Gongo la Besiboli Linalostahimili Mikono Mingi na Hewa ya Pwani

Wazazi wa vijana tunaowafundisha besiboli siku za Jumamosi wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa njia mbalimbali: kati ya magongo yote yanayouzwa, ni lipi litakalodumu? Ni swali la haki kabisa, kwa sababu gongo jipya huagizwa kutoka ng'ambo, hulipiwa usafiri na ushuru, na likivunjika katika wiki ya tatu hakuna duka la mtaani ambako mtu atakwenda kununua lingine. Jibu langu ni kwamba kwa timu ya shule ya upili hapa Mombasa, ambako gongo moja hupita mikononi mwa kikosi kizima kabla ya adhuhuri, la kununuliwa kwanza ni gongo la alumini la kipande kimoja lenye alama ya BBCOR, kipimo cha Marekani cha namna gongo linavyourudisha mpira. La mbao lina nafasi yake, nami nitaieleza. La kompoziti, yaani la nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi, ambalo ndilo ghali kuliko yote na ndilo vijana wanalolitamani wanapotazama video, silipendekezi kwa timu inayotumia vifaa kwa pamoja.

Nianze na alama hiyo, kwa kuwa ndiyo inayomwepusha mnunuzi na hasara ya mapema. Nchini Marekani, shirikisho linalotunga kanuni za michezo ya shule za upili, NFHS, liliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2012 kila gongo lisilotokana na kipande kimoja cha mbao lazima liwe limepimwa kwa kiwango cha BBCOR, na matokeo yasizidi .50. Vyuo vikuu vya huko vilikuwa vimetangulia kwa mwaka mmoja. Kinachopimwa ni namna tumbo la gongo, ile sehemu nene ya kupigia, linavyobonyea na kurudi mpira unapoligonga, kwa maana ukuta mwembamba huurudishia mpira nguvu nyingi mno, na mrushaji aliyesimama takriban mita 18 kutoka kwa mpigaji hapati muda wa kujikinga. Kanuni iliwekwa kwa ajili ya usalama, lakini ilileta faida nyingine kwa sisi tunaotafuta uimara: ili kupunguza kurudi huko, watengenezaji walilazimika kuuimarisha ukuta wa tumbo, na ukuta mgumu hukawia kubonyea moja kwa moja.

Kanuni hizo hizo husema kwamba gongo lisizidi inchi 36 kwa urefu, kipenyo cha tumbo kisizidi inchi 2 na 5/8, yaani takriban sentimita 6.7, na hesabu ya uzito kwa aunsi isipungue hesabu ya urefu kwa inchi kwa zaidi ya 3. Kwa hiyo gongo la inchi 33 halipaswi kuwa jepesi kuliko aunsi 30, ambazo ni karibu gramu 850. Hesabu hii ndogo ya kutoa ndiyo ninayomwomba kila mzazi aishike kichwani anapokwenda sokoni, maana huko ndiko mambo yanakochanganyika.

Hivi majuzi nilifuatana na mzazi mmoja hadi Kongowea, ambako alikuwa ameonyeshwa magongo mawili ya mtumba. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alitukabidhi la kwanza akasema, "Lishike mwenyewe, ami, hili halijapigiwa hata mpira mmoja." Kweli liling'aa. Nililigeuza nikatazama pale tumbo linapoanza kupungua kuelekea kwenye mpini, kwani hapo ndipo vipimo huchapishwa mara nyingi, nikakuta inchi 30 na aunsi 20. Tofauti ni 10. Hilo ni gongo la watoto, limetengenezwa kwa ukuta mwembamba ili mikono midogo iweze kulizungusha, na kijana wa miaka kumi na saba akilipiga mpira wa kasi atalibonyeza katika mazoezi ya kwanza. Nilimweleza muuzaji hivyo bila kumvunjia heshima, kwa sababu hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Kwake yote ni magongo.

La pili lilikuwa limechubuka rangi na ukanda wa mpini ulikuwa umechakaa, lakini lilisomeka inchi 32 na aunsi 29, na alama ya BBCOR ilikuwa bado inaonekana. Nilifumba macho nikapitisha ukucha wa kidole gumba kuuzunguka mwili wa tumbo, polepole, kwa sababu ukucha hugundua bonde ambalo jicho hudanganywa na mng'ao kulipita. Nililiviringisha juu ya meza ya muuzaji kuona kama linayumba. Nililitikisa karibu na sikio, kwani kitu kinachocheza ndani huwa ni kipande cha gundi iliyokatika au kifuniko cha nchani kilicholegea. Kisha nikaligonga kwa mpira sehemu mbalimbali kuanzia nchani hadi kwenye shingo, nikisikiliza kama mlio unabadilika ghafla kuwa mzito au wa kukwaruza, jambo ambalo mara nyingi ni dalili ya ufa uliojificha. Lilipita yote. Rangi iliyochubuka haina maana yoyote, na ukanda wa mpini hubadilishwa kwa dakika chache. Mzazi yule alilichukua kwa bei iliyo chini ya lile lililong'aa.

Kwa kuwa bandari yetu hupokea mitumba na magari kutoka Japani, mara nyingine huonekana pia magongo ya Kijapani, na hayo yanahitaji maelezo yake. Besiboli ya shule za upili ni mchezo mkubwa mno huko Japani, na magongo ya metali yameruhusiwa katika shule hizo tangu mwaka 1974. Yale ya mpira mgumu ni imara ajabu: hayaruhusiwi kuwa chini ya gramu 900, na kanuni mpya zilizoanza kutumika mwaka 2024 zilipunguza kipenyo cha tumbo kutoka milimita 67 hadi 64 na kuunenepesha ukuta kufikia takriban milimita 4. Ukilipata la aina hiyo likiwa zima, na kijana wako ana mabega ya kulibeba, lichukue. Hata hivyo, Wajapani wana besiboli nyingine inayochezwa kwa mpira wa raba ulio wazi ndani, na magongo yake hufanana na haya kwa umbo lakini hayakuundwa kustahimili mpira mgumu wa ngozi. Kwenye maandishi ya gongo, 硬式 huashiria mpira mgumu na 軟式 huashiria ule wa raba. Asiyeweza kuyatofautisha na ayapige picha amtumie mtu anayeyajua kabla hajatoa pesa.

Sasa nirudi kwenye hoja ya alumini dhidi ya kompoziti. Magongo ya alumini yaliingia katika besiboli ya wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vyuo vya Marekani viliyaruhusu mwaka 1974, na sababu mojawapo ilikuwa hii hii inayotusumbua sisi: bajeti ilikuwa ikiishia kwenye magongo ya mbao yaliyovunjika. Alumini huumia kama sufuria, yaani hubonyea kabla ya kupasuka, na kubonyea huko huonekana, hivyo kocha hupata onyo. Gongo la kipande kimoja, ambalo mpini na tumbo ni bomba moja lililovutwa, halina kiungio cha kulegea. Litaitetemesha mikono ya kijana atakayeupiga mpira karibu na mpini, na vijana hulalamikia hilo, lakini mtetemo huo huo humfundisha mchezaji mahali pa kuupigia mpira kwa uaminifu kuliko maneno yangu.

Kompoziti hutengenezwa kwa matabaka ya nyuzi za kaboni yaliyoshikanishwa kwa gundi ngumu. Ni jepesi kulizungusha, halitetemeshi, na kwa mchezaji mmoja anayelimiliki na kulitunza ni chombo kizuri. Shida yake ni kwamba kila pigo hukata kidogo uhusiano kati ya matabaka yale, na ndiyo maana gongo hilo huzidi kurusha mpira kadiri linavyotumika, mpaka siku linapopasuka. Watengenezaji wengi hushauri lianzwe taratibu, kwa mapigo 150 hadi 200 ya nguvu inayoongezeka kidogo kidogo, huku likigeuzwa robo mzunguko kila baada ya pigo. Kikosi cha vijana wenye hamu hakitafanya hivyo, nami siwezi kuwalaumu. Wapo pia wanaolikandamiza gongo kwa mashine ya magurudumu ili lilainike haraka, kitendo kinachokatazwa na kanuni na kinachofupisha maisha ya gongo. Ongeza na suala la dhamana: magongo haya huuzwa na dhamana ya mwaka mmoja kwa kawaida, lakini dhamana hiyo hudaiwa kwa kulirudisha gongo kwa mtengenezaji, na gharama ya kulisafirisha kutoka Mombasa hadi Marekani na kurudi humla mtu faida yote. Mnunuzi wa hapa anapaswa kununua kana kwamba dhamana haipo. Kwa bei ya kompoziti moja mpya ya daraja la juu, timu inaweza kupata alumini mbili nzuri, na timu yenye magongo mawili hufanya mazoezi hata siku ambayo gongo moja limeharibika.

Mbao nazipenda, na ningetaka kila kijana anayekusudia kuendelea mbele azizoee mapema, kwa kuwa mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya umri wa miaka 18 huchezwa kwa magongo ya mbao. Miti inayotumika zaidi ni mitatu ya Marekani ya Kaskazini: eshi (ash), mepo (maple), ambao ndio ule mti wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada, na bechi (birch). Eshi ilitawala kwa miaka mingi. Nyuzi zake zimepangika kwa matabaka yanayoonekana wazi, na kwa matumizi ya muda mrefu matabaka hayo huanza kubanduka juu ya tumbo, jambo linalompa mwenye gongo onyo la mapema. Hivi leo eshi nzuri imekuwa adimu, kwa sababu mdudu kutoka Asia aliyegunduliwa jimboni Michigan mwaka 2002 ameiangamiza miti hiyo kwa mamilioni. Mepo ni ngumu zaidi na haibanduki, na ilipata umaarufu mkubwa Barry Bonds, mchezaji wa ligi kuu ya Marekani, alipoitumia kufikisha mapigo 73 ya nje ya uwanja katika msimu wa 2001, lakini inapovunjika huvunjika ghafla, mara nyingine kwa vipande virefu vyenye ncha. Bechi iko katikati ya hizo mbili: hupinda kidogo kama eshi bila kubanduka matabaka, nami naiona kuwa ndiyo inayomfaa mwanafunzi anayetoka kwenye alumini.

Uimara wa gongo la mbao, hata hivyo, hutegemea mwelekeo wa nyuzi kuliko jina la mti. Wakati mepo ilipoanza kuvunjika hovyo katika ligi kuu ya Marekani mwaka 2008, wataalamu wa mbao wa idara ya misitu ya nchi hiyo waliitwa kuchunguza, wakakuta kwamba kisa kikubwa ni nyuzi zilizokatiza mshazari kwenye mpini badala ya kufuata urefu wake. Tangu hapo magongo ya mepo na bechi ya ligi hiyo huwekwa tone la wino kwenye mpini. Wino huo hujipenyeza kwenye vijinjia vya mbao na kuchora mstari mwembamba unaoonyesha nyuzi zinaelekea wapi, na mstari huo usipotoke kwa zaidi ya digrii 3 kutoka kwenye urefu wa gongo. Ukiagiza gongo la mbao, tafuta lenye tone hilo. Ukilishika, lielekeze kwenye mwanga wa dirisha: kijistari kile cheusi kikikimbia sambamba na mpini, umepata, kikipinda kuelekea ubavuni, lirudishe kwenye rafu, hata kama limeandikwa jina la mchezaji mashuhuri. Chagua pia mpini mnene. Mapigo mengi ya wanaojifunza hayaangukii mahali panapofaa, takriban sentimita 13 hadi 18 kutoka nchani, bali huangukia karibu na mikono, na mpini mwembamba hukatika hapo hapo.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama mafundi wetu hawawezi kukereza magongo kutokana na mbao za hapa. Mkerezaji hodari anaweza kulitoa umbo lenyewe bila shida. Tatizo liko kwenye mbao. Mvule una uzito unaokaribia wa eshi, lakini nyuzi zake hupishana, na mbao ya namna hiyo haistahimili mshindo wa ghafla kwenye mpini mwembamba. Mvinje ni mzito kupita kiasi na hupasuka unapokauka. Gongo la fundi wa mjini linafaa kwa mazoezi ya kuzungusha mikono na kwa mpira wa tenisi, ambao ni mazoezi mazuri sana. Mbele ya mpira mgumu, na watu wakiwa wamesimama karibu, nisingeliruhusu.

Hewa yetu nayo inadai sehemu yake. Mbao za magongo hukaushwa kabla ya kukerezwa, na zikifika mahali penye unyevu kama Mombasa hunywa maji ya hewani hata kama hazijaguswa na mvua. Gongo la gramu 900 lililokuwa na unyevu wa asilimia 10 likipanda hadi asilimia 14 huongezeka takriban gramu 33, na mbao iliyojaa unyevu hulainika na kubonyea kirahisi. Kwa hiyo la mbao lisilazwe juu ya sakafu ya saruji wala kuegemezwa ukutani kwa miezi. Litundikwe kwa kitako cha mpini, ndani ya chumba chenye upepo, mbali na jiko na mbali na maji, na msimu wa masika liangaliwe zaidi. Alumini haioti kutu nyekundu, lakini chumvi ya baharini huitoboa vitundu vidogo vidogo, hasa chini ya ukanda wa mpini, ambako jasho na unyevu hukaa bila kuonekana. Kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi baada ya mazoezi, kisha kitambaa kikavu, na ukanda ubanduliwe mara moja kila muhula ili mpini utazamwe. Buti la gari lililoegeshwa juani si stoo: joto la humo huzikausha mbao kupita kiasi na huidhoofisha gundi.

Kuna adui mwingine ambaye wengi hawamfikirii, naye ni mpira wenyewe. Mpira wa besiboli huwa na uzito wa gramu 142 hadi 149. Mpira wa kriketi, ambao hapa Mombasa ni rahisi kuupata kuliko ule wa besiboli, huwa na gramu 156 hadi 163, na ni mgumu zaidi. Wa hoki una uzito uo huo. Siku mipira ya besiboli inapopotea vichakani, vijana huchukua wa kriketi waendelee, na nimeona tumbo la gongo zuri likipata bonde kwa njia hiyo katika alasiri moja. Mpira wa besiboli uliolowa nao ni hatari, kwa kuwa ngozi na uzi wa ndani hunywa maji na kuuongezea uzito. Tumeweka sheria katika timu yetu: mpira uliolowa huwekwa kando mpaka ukauke kivulini, na wa kriketi hauingii mfukoni mwa vifaa kabisa. Tumewazoeza pia kulizungusha gongo la alumini kidogo baada ya kila pigo ili mshindo usiangukie upande mmoja daima, na kutoligonga kwenye viatu kutoa udongo, wala kulichimbia changarawe.

Gongo lenye ufa, la aina yoyote, huondolewa siku hiyo hiyo, na halibaki stoo kwa matumaini ya kufungwa kwa utepe, maana tumbo la alumini lililopasuka hukata na la mbao likiruka kipande halichagui wa kumpata. Lililobonyea bila kupasuka halikubaliwi na mwamuzi, nami silirudishi mazoezini pia.

Lililobaki ni urefu, na hapa ndipo wazazi wenye nia njema hukosea kwa kununua kubwa ili mtoto alikulie, kama wanavyofanya kwa viatu vya shule. Gongo zito kuliko uwezo wa mchezaji huchelewa kufika kwenye mpira, mpira ukagonga mpini, na hapo mpini wa mbao hukatika na wa alumini humuumiza mikono. Mwambie kijana alishike kwa mkono mmoja, ule wa upande dhaifu, alinyooshe mbele usawa wa bega, na alishikilie hivyo kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini bila ncha kuanza kushuka. Akishindwa, shuka inchi moja. Wengi wa vijana wetu wa miaka kumi na mitano huishia kwenye inchi 31 au 32, na kwa timu inayonunua magongo mawili ya pamoja ningechukua moja la inchi 32 na jingine la inchi 33, yote ya alumini, na la tatu liwe la bechi pale fedha zitakaporuhusu.